Mkanda wa Arusi ya Nafissa

Nikiri kabla hamjanikamata. Mara ya kwanza nilipoisimulia hadithi hii, kwenye karamu moja pale Ambanoro, niliiita ile mashine redio. Mama mmoja akaweka kijiko chini akaniambia, "Redio inatafuta mawimbi. Ile haitafuti kitu. Imekaa tu inasubiri kuletewa kaseti, na hata ukiiletea haisemi neno mpaka uiungie amplifaya na spika." Alisema kweli. Ni deki. Deki ya kaseti, ya mwaka sabini na nane, ina mbavu za mbao na kioo chenye mishale miwili inayocheza kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Haya, tuendelee.

Mchangama alikuwa akiishi kwa deki kama hizo. Sisemi alikuwa akizitengeneza. Nasema alikuwa akiishi kwazo. Mji wa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, pwani ya Madagaska, umejaa hoteli ndogo na mabaa, na wenye mabaa walishagundua kwamba vazaha, yaani mgeni mweupe, hunywa zaidi akikalishwa karibu na kitu kilichozeeka kuliko yeye. Basi Mchangama akawa anaokota deki zilizokufa, anang'oa matumbo yote, anafunga vitaa vya rangi ya asali, anaipa mishale umeme kidogo ili icheze, halafu humo ndani anaficha kidude cha muziki cha mfukoni kilichoshindiliwa nyimbo za zamani. Kaseti ilizunguka kwa urembo tu.

"Imekarabatiwa," alikuwa akisema, mikono kifuani kama daktari aliyetoka kupasua mtu. "Ila usiifungue. Hewa ya bahari ikiingia humo, mimi sina dhamana."

Na watu hawakufungua. Alikuwa na kalamu mfukoni na miwani ya kamba shingoni. Mji mzima ukamwita Injinia, naye hakupata kumkatalia mtu.

Mwaka ule ninaousema, elfu mbili na kumi na mbili, Houssen mwenye baa karibu na soko alimwita akamwonyesha picha kwenye simu. Deki. Mbavu za mbao, mishale miwili.

"Iko wapi hii?" aliuliza Mchangama, huku akijitahidi macho yasimtoke.

"Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, kwa shangazi yangu Bweni Sitti. Hauzi. Nimemwomba mpaka nimeona haya. Anataka itengenezwe tu, maana ilikufa zamani, na kitu chake kimebaki ndani."

"Kwa nini usichukue moja ya zangu?"

"Zako nazijua. Ile uliyomuuzia Youssoufa iliendelea kuimba baada ya kaseti kutolewa."

Mchangama akakohoa. "Ile ni teknolojia ya akiba."

"Mimi nina sanduku zima la kaseti za marehemu baba. Nataka mashine inayocheza kaseti, si inayojichezea yenyewe. Ukiniletea ile ya shangazi, bei utataja wewe."

Ukimwambia mtu kama Mchangama kwamba bei atataja yeye, umemvunjia nusu ya usingizi. Kesho yake alivuka kwenda bara, akapanda gari la abiria, akasafiri na mbuzi wa watu na magunia ya watu, na kichwani mpango umenyooka kama rula. Atakuja kama fundi. Atasema mashine lazima iende karakana. Karakana iko Nosy Be. Na kutoka Nosy Be mashine haitarudi, kwa sababu za kiufundi.

Bweni Sitti, na bweni kwa Wakomori ni bibi wa kuheshimiwa, alimpokea barazani, usoni amejipaka msindzano, ule msandali wa manjano wanawake wa huko wanaojipaka mchana, hata huwezi kujua chini yake anacheka au amenuna. Hapa niseme jambo moja. Maneno yao yalikuwa Kimalagasi cha pwani kilichochovywa kwenye Kifaransa, na Kikomori kidogo kwa heshima ya wazee. Mimi nawapeni kwa Kiswahili. Isipokuwa neno moja, lililosemwa vilevile lilivyo, na ndilo lililoleta mambo yote.

"Inabidi niipeleke karakana, Bweni," alisema Mchangama baada ya kuigonga mashine kwa kidole na kuisikiliza kama tikiti maji.

"Karakana ije hapa."

"Kule kuna vyombo, Bweni."

"Vyombo vije hapa. Vitu vikitoka nyumba hii huwa vinapenda matembezi."

"Bweni, kazi hii ni ya kitaalamu."

"Mkeka ule pale, na kivuli kipo. Mtaalamu anataka nini tena?"

Mchangama aliona mpango umepinda. Akaanza kuvaa viatu. Alikuwa ameshavaa kimoja pale Bweni Sitti aliposema, kama anajisemea:

"Mashine yenyewe mimi sina haja nayo. Nataka mkanda wangu tu."

"Mkanda gani, Bweni?"

"Mkanda wa arusi ya dada yangu Nafissa. Umo humo ndani tangu siku ilipokufa mashine. Echata wa Katsepy anasema ni wake. Ametuma watu kuja kuudai. Nimewapa chai, nimewarudisha."

Simameni hapo kidogo. Sisi tukisikia mkanda tutauliza, mkanda wa nini? Bweni Sitti alilipata neno hilo kwenye redio ya Unguja, aliyokuwa akiisikiliza na mumewe enzi hizo, na watangazaji wa kule walisema mkanda wakiwa na maana ya sauti iliyorekodiwa. Lakini Mahajanga kaseti ni kaseti. Kwa watu wa umri wa Mchangama, neno mkanda lilikuwa limebaki kwa sonara peke yake: mkanda wa dhahabu, wa kiunoni, wa bibi arusi. Na Wakomori wa mji ule, arusi isiyo na dhahabu wanaiona kama mkutano wa wazazi.

Mchangama alivua kile kiatu.

"Ni mzito?" aliuliza, sauti imelainika kama samli.

"Kwangu mimi, mzito sana."

"Na tangu arusi ile... haujavaliwa tena?"

Bweni Sitti aligeuka. Alimtazama Injinia, akatazama mashine, akamtazama Injinia tena. Msindzano haukuonyesha kitu.

"Hapana, mwanangu," alisema taratibu. "Tangu arusi ile haujavaliwa hata mara moja."

Basi Injinia akakaa mkekani.

Kufungua mfuniko ilimchukua asubuhi nzima, maana skrubu zilikuwa zimeshika kutu na yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu yake, anachambua mchele, haondoki. Ndani palikuwa na msiba. Raba zinazozungusha gurudumu zilikuwa zimeyeyuka zikawa lami nyeusi, imetambaa kila mahali, ukiigusa inakufuata mpaka kwenye chakula. Lakini nyuma ya ile lami, chini ya sahani ya chuma, kitu cha mviringo kilikuwa kinang'aa. Cha manjano.

Mchangama aliinama haraka, akakiziba kwa mkono.

"Vipi?" aliuliza Bweni Sitti.

"Lazima nitoe mashine yote ya ndani. Kila kitu. Nisafishe kila kipande."

"Mbona ndiyo kazi ya fundi."

Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anang'oa na kutupa, sasa alilazimika kung'oa na kupanga, kwa sababu mwenye mali anaangalia. Alinunua spiriti na pamba kwenye duka la dawa, akafuta lami mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya muuza mkaa. Kila skrubu aliibandika kwenye karatasi alipoitoa, asije akaulizwa. Hatimaye akaifikia sahani ya chuma, akaiinua.

Gurudumu. Gurudumu zito la shaba, ambalo kila deki ya namna ile inalo ili kaseti iende mwendo mmoja. Alilisugua. Alilinusa. Shaba.

"Bweni," alisema, "huo mkanda uko wapi hasa?"

"Si nimekwambia umo ndani? Uko kwenye kile kimlango cha mbele, kisichoonyesha ndani. Hakifunguki mpaka mota izunguke, ndivyo walivyokitengeneza. Na ukikivunja, mwanangu, naita mtaa."

Mtaa wenyewe ulikuwa unamtazama tayari, kwa zamu, kutoka kwenye vizingiti.

Hapo ndipo Mchangama alipofanya jambo ambalo marafiki zake wa Hell-Ville mpaka leo hawataki kuliamini. Alikwenda saibakafe akasoma maelekezo. Alisoma raba ipite wapi, kichwa cha kusomea sauti kisafishwe vipi, tone la mafuta liwekwe wapi na wapi lisiwekwe. Alinunua raba kwa fundi wa cherehani. Alitoa mota kwenye deki yake ya bandia, ile nzuri aliyobeba kwa ajili ya maonyesho, maana ya Bweni Sitti ilikuwa imeungua. Kazi iliharibika, akairudia. Ikaharibika tena, akatukana kwa Kifaransa, akairudia. Bweni Sitti alimletea wali na achari ya embe, na kila alipomletea alimuuliza habari za mkanda kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Siku mashine ilipopokea umeme, mishale iliruka, mota ikanguruma kama paka aliyeshiba, na kile kimlango kikafunguka chenyewe, pole pole, kwa adabu.

Ndani kulikuwa na kaseti.

"Hii ni kaseti," alisema Mchangama.

"Nyinyi mnaita kaseti."

"Bweni, ulisema mkanda."

"Na wewe ukaniuliza kama unavaliwa." Bweni Sitti aliichukua ile kaseti, akaifuta kwa ncha ya leso. "Nikasema kweli. Haujavaliwa."

Niwaambie sasa kilichokuwamo, maana kwa yule mama hakikuwa kitu cha mzaha. Kwenye arusi ya Nafissa, mwaka sabini na tisa, kundi la wanawake wa Mahabibo liliimba kwa matari wimbo ambao mji mzima uliupenda, na mwongozaji wa wimbo alikuwa ama Sitti ama Echata. Kila mmoja alisema ni yeye. Wenzao wengine walishahama au walishazikwa. Urafiki wao ulikuwa umevunjika hapo, na tangu hapo kila arusi mmoja akialikwa mwingine anaumwa kichwa. Shahidi pekee alikuwa amefungiwa kwenye mashine iliyokufa.

"Nimemwita Echata aje asikie," alisema Bweni Sitti. "Na mtaa pia. Utaicheza wewe, fundi, mbele ya watu."

Mchangama angeweza kuondoka. Lakini alikuwa ameshapoteza mota, raba, na kiasi fulani cha heshima, na mashine ilikuwa bado ile ile aliyoifuata. Akabaki.

Echata alikuja na kivuko kutoka Katsepy, mwanamke mwembamba, sauti nyembamba kama yeye. Jirani mmoja anayekodisha muziki alileta amplifaya na spika. Baraza ikajaa.

"Hujambo, shoga," alisema Echata.

"Sijambo, shoga," alisema Bweni Sitti. "Karibu usikie mwenyewe."

Mchangama akabonyeza. Matari yakaanza, na juu yake ikapanda sauti nyembamba, nyepesi, inayoruka kama mbayuwayu. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Basi," alisema Echata, mikono mapajani. "Mimi sisemi kitu. Mashine imesema."

Bweni Sitti alisimama. "Fundi, njoo jikoni uangalie umeme."

Jikoni hakukuwa na umeme wa kuangalia.

"Mashine inakimbia," alisema Bweni Sitti.

"Inaweza kuwa inakimbia, inaweza kuwa haikimbii."

"Kitu gani kinaamua?"

"Kuna skrubu moja nyuma ya mota. Ukiigeuza kulia inakwenda mbio, sauti inapanda. Kushoto inalegea, sauti inashuka."

"Na nani anajua pa haki ni wapi?"

"Mimi," alisema Mchangama, ambaye hakujua. Mota yenyewe ilikuwa imetoka kwenye deki nyingine, na kule ilikuwa inazungusha urembo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu afike Mahajanga alijisikia yuko nyumbani. Hii sasa ilikuwa kazi yake. "Ila ngoja kwanza, Bweni. Nimheshimu na mgeni."

Akatoka barazani, akamwinamia Echata kama anayemmiminia kahawa. "Bweni Echata, mashine hizi zina tabia. Nyingine zinampenda mtu leo, kesho zinambadilikia. Ukitaka ibaki hivi hivi..."

"Mwanangu, sauti ni yangu. Nikulipe wewe kwa sauti yangu?"

Hoja ilikuwa nzuri, lakini haibebeki wala haiuziki. Akarudi jikoni.

"Unataka nini?" aliuliza Bweni Sitti.

"Deki."

"Chukua."

Mchangama alikuwa ameandaa maneno mengine matano ya kubembeleza, yakabaki hayana kazi. Mtu wa ujanja wake alipaswa kujiuliza: mama aliyewanyima watu mashine miaka yote hii, anaitoaje kwa neno moja? Hakujiuliza. Alikuwa anahesabu bei atakayoitaja.

Alisimama mbele ya watu akavaa miwani. "Mabibi na mabwana, samahani. Mota ikilala muda mrefu, ikiamka inaamka na papara. Hilo liko kwenye vitabu. Sauti mliyosikia ni sauti yenye haraka. Tuitulize."

Akageuza skrubu kushoto. Wimbo ukashuka ngazi, ukashuka tena. Ile sauti ikanenepa, ikawa nzito, ya kifua, sauti ile ile inayoita kuku kila jioni Mahabibo.

"Huyo ni Sitti," mtu akasema nyuma.

"Sitti mtupu," akasema mwingine, na wanawake wakaanza kuitikia.

"Na matari?" aliuliza Echata. "Mbona tunayapiga kama tunasindikiza maiti? Ilikuwa arusi ile."

Lakini kiitikio kilikuwa kimekolea, hakuna aliyemsikia, au aliyesikia aliona si wakati wake. Echata alimaliza kahawa yake, akafunga leso vizuri, akaenda kuwahi kivuko.

Watu walipotawanyika, Bweni Sitti alitoa kaseti, akaitia kifuani. Kisha akaleta kichupa cha gundi kali, ile inayogandisha vidole, akatia tone moja juu ya skrubu, na jingine juu ya lile tone.

"Isije ikatikisika njiani," alisema.

Mchangama alimshukuru. Aliona ni wema.

Huko Hell-Ville, Houssen alifurahi mpaka akafunga baa kwa saa nzima ili aisikilize peke yake. Alisimuliwa kisa cha wimbo wa arusi, akakagua mbavu, akakagua mishale, akalileta lile sanduku la kaseti za baba yake. Ya kwanza ilikuwa salegi, muziki wa pwani ile, ambao ukiusikia mguu unaondoka bila ruhusa. Ukatoka kama watu wanaobeba kabati ngazini.

"Imechakaa hiyo," alisema Mchangama. "Tia nyingine."

Nyingine ilikuwa ya binti wa Kifaransa aliyesifika enzi hizo kwa sauti kama ya ndege. Houssen akakunja uso, akasogeza sikio.

"Mbona huyu ni shangazi?"

Akatia ya mwimbaji wa Antananarivo. Akatia ya kikundi cha Anjouan. Akatia ya mtoto wa shule anayesoma shairi.

"Na huyu shangazi. Na huyu shangazi pia." Akazima. Alikuwa mfanyabiashara, na wafanyabiashara huenda polepole lakini hufika. "Injinia. Kama mashine hii inamfanya kila mtu kuwa shangazi yangu, basi siku ile kule Mahajanga, kwenye ule wimbo..."

"Usimalizie."

"...aliyekuwa anaimba ni Echata."

Mchangama aligeuza mashine, akaitazama ile gundi. Alikuwa anaona, kwa kuchelewa, kwa nini mashine ilitolewa haraka vile. Ingebaki Mahabibo, siku moja mtu angekuja na kaseti nyingine, nayo ingemuumbua mwenye nyumba kama ilivyokuwa inamuumbua sasa. Na mbele ya mtaa siku ile, Bweni Sitti hakusema hata neno moja la uongo. Uongo wote aliuacha usemwe na fundi.

Alichukua bisibisi akaishika ile skrubu kwa nguvu. Gundi ilikaa. Kichwa cha skrubu ndicho kilichokatika, kikaruka kikaingia kwenye bilauri ya Houssen.

"Nipatie mota nyingine," alisema Mchangama. "Nitaifunga mwenyewe. Kweli, najua kuifunga. Naijua mashine hii kuliko aliyeiunda."

"Najua unajua," alisema Houssen, akitoa kile kichwa kwa kijiko. "Ndiyo maana sinunui: unajua pia kuifundisha uongo. Fungua mlango, watu wanakuja."

Wateja wakaingia, wakakaa, wakaagiza. Mchangama alikuwa amesimama kati ya meza, amekumbatia deki ya mbavu za mbao, iliyosafishwa mpaka uvungu, raba mpya, kichwa kinang'aa, mishale tayari. Mashine pekee ya kweli aliyowahi kutaka kuiuza, na haiuziki.

"Samahani, jamani," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kuna mtu hapa ana kaseti yoyote ya mtu anayeimba mbio mbio?"

Feni ilikuwa inazunguka. Mtu mmoja alikoroga kahawa yake, akaendelea kukoroga.